Kabla ya Kumwita Mtu Espion

Jumamosi moja asubuhi, watoto wa lupangu yetu, yaani uani kwetu, hapa Katuba mjini Lubumbashi walimfunga mwenzao kwenye mwembe kwa kamba ya kuanikia nguo. Nilitoka na kikombe cha chai mkononi nikakuta kesi imekwisha sikilizwa na hukumu imetoka. "Eko espion," yaani ni jasusi, alinieleza hakimu wao, mwenye umri wa miaka tisa, bila hata kugeuza shingo. Nikauliza wamejua namna gani. Ushahidi ulikuwa wa mambo mawili: mtoto ana daftari analoandikaandika peke yake nyuma ya nyumba, na juzi, mbele ya sahani, bukari, yaani ugali, aliiita bugali.

Mtoto mwenyewe amefika kwetu na mama yake kutoka Goma, baada ya mji ule kutwaliwa mwishoni mwa Januari 2025. Nilimfungua. Alikuwa anacheka, au anajilazimisha kucheka, na kamba ilikuwa imemwachia michirizi kwenye viganja. Nikaanza kukusanya maneno ya kuwahubiria, hadi binti yangu wa miaka 11 aliponikatiza: "Papa, njo weye ulitusomea hii."

Ni kweli. Kwa wiki tatu nilikuwa nawasomea jioni hadithi ya Kifaransa, nikiigeuza Kiswahili papo hapo mdomoni: watoto wawili, mji wa pwani kule Uingereza, mwaka 1940, jirani mwenye lafudhi ya kigeni, na mwanga dirishani usiku ambao taa zote zimeamriwa kufunikwa. Sitaitaja kwa jina, maana ziko nyingi za namna ile na zinafanana kama matofali ya tanuru moja. Mwishoni jirani anafungwa pingu, mkuu wa polisi anawapa watoto mkono, na mama anapika keki kwa sukari aliyoidunduliza.

Hadithi hizi zina ufundi wake na sina haja ya kuudharau. Mwandishi wa watoto siku zote anatafuta njia ya kuwaondoa watu wazima njiani, na vita inamfanyia kazi hiyo bure: baba yuko vitani, mama yuko kiwandani, mwalimu ameitwa jeshini. Huko Uingereza serikali yenyewe iliwatenga watoto na wazazi wao. Kuanzia tarehe 1 Septemba 1939, katika siku chache tu, watu wapatao milioni moja na nusu, wengi wao watoto, walitolewa mijini na kupelekwa mashambani kwa hofu ya mabomu, kila mtoto na karatasi ya jina lake imefungwa kwenye koti. Mtoto ameshuka treni mahali asipomjua mtu, hana jukumu ila kutazama. Kila kitu anachokiona kinaweza kuwa dalili: njiwa anayerudi kwenye tundu, barua isiyo na stempu, mtu anayenunua mkate wa watu wawili naye anaishi peke yake. Kwa nini mkate wa pili? Hapo msomaji wa miaka kumi amenaswa, na hatakitoa kitabu mkononi hata umwite kula.

Kwa hiyo ubaya hauko kwenye fumbo. Uko kwa yule jirani mwenye lafudhi.

Historia ya mwaka uleule inasema mengine juu yake. Ufaransa ilipoanguka, katikati ya 1940, serikali ya Uingereza ilikamata zaidi ya wageni 20,000, Wajerumani, Waaustria na Waitaliano, ikawaweka kambini kwa hofu kwamba ni majasusi. Wengi wa wale Wajerumani na Waaustria walikuwa Wayahudi, watu waliomkimbia Hitler mwenyewe. Meli ya Arandora Star, iliyokuwa inawapeleka baadhi ya wafungwa hao Kanada, ilipigwa na nyambizi ya Kijerumani tarehe 2 Julai 1940. Walikufa zaidi ya 800, miongoni mwao Waitaliano waliokuwa wakiuza aiskrimu na kahawa Uingereza tangu ujana wao. Jirani mwenye lafudhi, katika maisha, mara nyingi zaidi alikuwa mkimbizi kuliko jasusi. Nilimtazama tena yule mtoto wa Goma na michirizi yake.

Nilipowaeleza hayo jioni ile, chini ya mwembe uleule, binti yangu hakukubali kirahisi. Akataka kujua kama majasusi wa kweli hawakuwepo. Walikuwepo. Wajerumani waliwashusha wengine kwa parashuti, wengine kwa mashua usiku, na karibu wote walidakwa upesi. Mmoja, Carl Meier, alifika pwani ya Kent Septemba 1940 akaingia kwenye baa ya mji mdogo wa Lydd asubuhi na mapema akaomba pombe ya tofaa. Mwenye baa akashtuka: mtu wa Uingereza yeyote angejua kwamba saa ile sheria hairuhusu kuuza. Meier alinyongwa Desemba mwaka huohuo.

Hakimu wa miaka tisa aliruka juu kwa furaha. "Unaona? Njo kama bugali!"

Nakiri alinibana. Neno moja lisilokaa mahali pake linaweza kweli kumfichua mtu, na fumbo la kijasusi linaishi kwa maneno kama hayo. Lakini tazama kilichofuata baada ya ile pombe ya tofaa. Mwenye baa hakuchukua kamba. Habari ilifika polisi, mgeni akahojiwa, wenzake wakasakwa wakapatikana na redio ya kutumia ujumbe, kisha kesi ikaenda mahakamani na wakili akasimama. Katika kesi hiyohiyo walikuwa wanaume wanne, na mmoja wao mahakama ilimwachia. Dalili ilikuwa mlango wa uchunguzi. Kwenye lupangu yetu dalili ilikuwa mlango na ukuta wa nyuma kwa wakati mmoja: ukishaingia umeshafika. Na vitabu vingi vya watoto vya aina hii, nasema kwa masikitiko kwa sababu navipenda, vinawafundisha hivyohivyo. Mtoto anashuku ukurasa wa 12, watu wazima wanamkatalia hadi ukurasa wa 140, na ukurasa wa 150 inaonekana alikuwa sahihi tangu mwanzo. Kushuku kwake hakuna gharama. Mwandishi amekwisha kumlipia.

Nikitaka kuwachekesha huwa nawapa kisa kingine cha kweli. Katika Vita Kuu ya Kwanza, idara ya ujasusi ya Uingereza ilitumia vijana wa skauti kubeba barua kati ya ofisi zake mjini London. Baada ya muda wavulana wakaondolewa, kwa kuwa walikuwa hawatulii na walikuwa na maneno mengi, wakaletwa wasichana wa Girl Guides, yaani skauti wa kike. Wasichana wakafunga midomo. Binti yangu ameniomba nikirudie kisa hicho mara nne, kila mara kaka yake akiwa karibu.

Sasa tuje kwetu, maana hapa ndipo lile tofali la tanuru linapopasuka.

Hadithi ya Ulaya imeshamjibu msomaji swali moja kabla hajafungua ukurasa wa kwanza: adui ni nani. Kinachotafutwa ni uso wake tu. Chukua hadithi hiyohiyo uilete Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati ule. Ubelgiji inasalimu amri tarehe 28 Mei 1940. Gavana mkuu Pierre Ryckmans anaiweka Kongo upande wa Uingereza na wenzake. Shaba, bati na kobalti za Katanga zinakwenda kwenye vita ya haki dhidi ya Hitler, na ni kweli ilikuwa vita ya haki. Mwaka 1942 sheria inaongeza kazi za lazima za wanakijiji hadi siku 120 kwa mwaka, kwa jina la jitihada za vita. Bei zinapanda, mishahara inabaki palepale. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière, kampuni kubwa ya migodi ya Katanga, wanagoma. Tarehe 9 wanakusanyika kwenye uwanja wa mpira hapa mjini, gavana wa Katanga, Amour Maron, anakuja na askari, na karani Léonard Mpoyi aliyewasemea wenzake anapigwa risasi. Askari wanafyatua kwenye umati. Wanakufa watu kwa makumi. Wachoraji wetu wa mitaani walikichora kisa hicho miaka mingi baadaye, na wazee wanaweza bado kukionesha kwa kidole uwanja ulipokuwa.

Mtoto wa Mpoyi, kama angekuwa shujaa wa kitabu chetu, angemtafuta adui wapi? Berlin?

Kuna siri nyingine, kubwa kupita zote, iliyopita chini ya pua za watoto wa mji huu. Upande wa Likasi kuna shimo linaloitwa Shinkolobwe. Mawe yake yaligunduliwa 1915, yakaanza kuchimbwa 1921 kwa ajili ya radiamu, dawa ya ghali iliyotumika hospitalini kutibu saratani. Urani iliyokuwa ndani yake haikuwa na soko kubwa; ilipaka rangi vyungu na vioo. Mgodi ukafungwa 1937, maji yakajaa. Agosti 1939 Albert Einstein akaweka saini kwenye barua kwa Rais Roosevelt akimwonya kwamba bomu la aina mpya linawezekana, na kwamba chanzo muhimu kuliko vyote cha urani ni Kongo ya Wabelgiji. Fikiria hilo kidogo. Barua imeandikwa Marekani juu ya jiwe lililoko mwendo wa saa chache kutoka hapa, na hapa hakuna anayelisikia jina lake.

Mkurugenzi wa Union Minière, Edgar Sengier, alikuwa amenusa jambo. Mwaka 1940 alisafirisha tani zipatazo 1,200 za madini hayo hadi New York, yakawekwa ghalani Staten Island kwenye mapipa ya chuma. Yalikaa pale karibu miaka miwili bila mwenyewe. Septemba 1942 kanali Kenneth Nichols wa jeshi la Marekani aliingia ofisini kwa Sengier kuuliza habari za urani, na kabla hajatoka alikuwa ameandika makubaliano kwenye karatasi ya kawaida. Mawe bora ya Shinkolobwe yalikuwa na oksidi ya urani kufikia asilimia 65, wakati kwingineko duniani mtu alifurahi akipata chini ya asilimia moja. Shimo likakaushwa, kazi ikaanza tena. Mawe yalichambuliwa kwa mikono. Yalipanda treni hadi Port-Francqui, leo Ilebo, yakashuka mto hadi Léopoldville, yakapanda treni tena hadi bandari ya Matadi. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoanguka Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka hapo. Na wale waliochambua mawe hawakuambiwa ni ya nini.

Majasusi? Walikuwepo, na hapa ndipo mwandishi wa mafumbo anapaswa kukaa kitako. Shirika la ujasusi la Marekani, OSS, lilituma watu Kongo. Mmoja wao, mhandisi Wilbur Hogue, aliongoza kituo cha Léopoldville. Kazi yao ilikuwa kuhakikisha urani haiponyoki kwenda Ujerumani, lakini neno urani lilikuwa haramu kutamkwa, kwa hiyo walijifunika kwa kazi nyingine: kufuatilia magendo ya almasi za viwandani, ambazo viwanda vya Hitler vilizihitaji sana. Yaani walikuwa majasusi ndani ya nchi ya rafiki, wakimchunguza rafiki, wakijifanya wanatafuta kitu kingine. Nao Wajerumani, walipoikalia Ubelgiji mwaka 1940, walikuta huko zaidi ya tani 1,000 za madini ya urani yaliyotoka Katanga miaka ya nyuma, wakayachukua. Jiwe la Shinkolobwe lilikuwa pande zote mbili za vita.

Mpe mtoto wa miaka kumi mambo hayo na umwambie atafute mwovu. Hatampata kwenye lafudhi.

Mimi ningeiandika namna hii. Mwaka ni 1943, Cité Albert, mtaa wa Waafrika tunaouita leo Kamalondo. Binti anauza karanga karibu na gare, kituo cha treni. Anajua kuhesabu kwa sababu karanga zinataka hesabu. Anaona mabehewa fulani hayaachwi peke yake usiku, wakati ya shaba, yenye mali inayong'aa, yanalala bila mlinzi. Kwa nini jiwe jeusi linalindwa kuliko shaba? Hilo ndilo fumbo, na ni zuri kuliko mwanga dirishani, kwa sababu jibu lake halijulikani na mtu yeyote anayeweza kumuuliza. Baba yake hajui. Mwalimu wake padri hajui. Mzungu wa ofisi ya reli anadhani anajua, naye amedanganywa.

Kisha kuna usiku. Waafrika hawakuruhusiwa kuwa mji wa wazungu baada ya giza, na kati ya cité na mji lilikuwepo eneo tupu lisilojengwa, lililotetewa kwa hoja ya mbu wa malaria. Mwandishi wa London anahitaji amri ya kuzima taa ili apate giza la kutosha; sisi tulikuwa na giza la kisheria. Binti yangu wa karanga akivuka uwanja ule saa mbili usiku ili akaone behewa, hatari yake si jasusi wa Kijerumani. Ni polisi wa kawaida, na kiboko.

Na kabla ya polisi, kuna batumbula. Msomaji wa Lubumbashi hahitaji maelezo, ila kwa wa mbali: miaka ile ya vita mji mzima uliamini kwamba kuna watu wanaozunguka usiku wakikamata Waafrika ili waliwe na wazungu. Bibi yangu alimaliza maisha yake bila kukubali kwamba ni uvumi. Wataalamu wameandika mengi juu yake. Mimi nauona kama mtego bora wa kumpoteza msomaji ambao mji umewahi kumtengenezea mwandishi. Binti anaona wanaume wawili na taa karibu na reli saa mbaya. Cité yote itasema: batumbula. Atakimbia, tutakimbia naye. Kurasa thelathini baadaye atagundua kwamba mmoja ni mlinzi wa mabehewa na mwingine ni Mmarekani anayejidai mfuatiliaji wa almasi, na uvumi utaonekana uongo. Lakini akiwa mtoto mwerevu atajiuliza swali la pili. Watu wanachukuliwa kweli, siku 120 kwa mwaka. Miili imeanguka kweli uwanjani. Kitu fulani kinawala watu kweli. Uvumi umekosea jina, haujakosea harufu. Sijui mwandishi wa Ulaya mwenye dalili ya namna hii, iliyo uongo na ukweli kwa pamoja, na inatusubiri sisi tuiandike.

Anayependa vita ya kwanza naye hatakosa. Mwaka 1915 Waingereza walileta mashua mbili za injini, zilizopewa majina Mimi na Toutou, kwa meli hadi Cape Town, kwa treni kupitia mji wetu hadi Fungurume, kisha zikavutwa na mashine za mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba, hadi Ziwa Tanganyika. Safari nzima ilikuwa siri. Wajerumani ng'ambo ya ziwa walihisi kitu, ofisa wao mmoja akaja kuchungulia bandari ya Wabelgiji pale Kalemie akakamatwa. Inasimuliwa kwamba alijaribu kutuma onyo lililofichwa kwa maandishi ya mkojo nyuma ya barua. Tarehe 26 Desemba 1915 mashua hizo ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani. Mkojo peke yake unatosha kuuza kitabu kwa wavulana wa darasa la nne. Ila hata hapo, nani aliyefyeka njia ile milimani? Watu wengi wa Katanga, na hakuna aliyewaambia zile mashua zinakwenda kufanya nini.

Rafiki yangu mwalimu, niliyemsomea wazo hili kwenye glasi ya munkoyo, alinipinga kwa nguvu. Alisema watoto wanataka mwovu, wanataka afungwe, wanataka kulala. Ukiwapa hadithi ambayo gavana wa upande mzuri anaua watu, jasusi ni rafiki wa rafiki na siri yenyewe ni bomu, umewaandikia thesi. Ana hoja, na sehemu yake naikubali: mtoto ana haki ya mwisho unaofunga mlango. Kwa hiyo ndani ya fumbo kubwa ningeweka wizi mdogo unaotatuliwa kabisa, tuseme nani anaiba posho kwenye stoo ya kambi, na mwizi apatikane kwa dalili tatu zilizoonekana wazi na msomaji. Mtoto alale. Kubwa libaki limefunguka.

Sehemu ya pili ya hoja yake siikubali. Anadhani mwovu aliye tayari ni mchezo usio na madhara. Labda kule Brighton, pwani ya Uingereza. Katika nchi hii neno espion si la mchezo, na kule mashariki limewamaliza watu barabarani kabla hawajajieleza. Tena watoto wenyewe wamo. Kanuni za Paris za 2007, zinazoeleza mtoto anayehusishwa na makundi yenye silaha ni nani, zinawataja wapiganaji, wapishi, wapagazi, wajumbe, na zinawataja majasusi. Kwa mtoto wa London jasusi mdogo ni ndoto ya likizo. Kwa mtoto wa Masisi inaweza kuwa kazi aliyopewa na mtu mwenye bunduki, na akikamatwa na upande wa pili hakuna keki. Mwandishi wetu hawezi kuandika kana kwamba halijui hilo, wala hana haja ya kulihubiri. Kinachotakiwa ni jambo la ufundi tu: kushuku kuwe na gharama. Shujaa akosee mara moja, amnyooshee kidole mtu asiyehusika, tuseme Mgiriki wa duka la kona au mpagazi kutoka Kasai, na kosa lile limuumize mtu tunayempenda, na ukurasa unaofuata usilifute. Baada ya hapo msomaji mwenyewe ataanza kudai dalili ya pili.

Shinkolobwe lenyewe halijamaliza fumbo lake. Shimo lilizibwa kwa saruji kabla ya uhuru wa 1960. Wachimbaji wa mikono waliingia tena wakitafuta kobalti. Serikali ikapiga marufuku mwanzoni mwa 2004, na Julai mwaka huohuo udongo uliporomoka ukaua watu wanane. Nilipowaonesha watoto ramani ya mkoa walitafuta jina hilo kwa vidole vyao vyenye mafuta ya maandazi, wakapata Likasi, wakapata Kambove, wakakosa.

Yule mtoto wa Goma ndiye aliyekuwa ameandika jina hilo kwenye daftari lake. Ilibidi niombe ruhusa kuliona. Lilikuwa na orodha ya maneno, upande mmoja namna yanavyosemwa kwao, upande wa pili namna yanavyosemwa kwetu, bukari ikiwa ya kwanza kabisa na mstari mwekundu chini yake.

Binti yangu aliisoma orodha nzima bila kusema kitu. Kisha akaniuliza, kama anayeendelea na mazungumzo tuliyoyaacha: "Papa, ule Mumerika wa almasi, alikuwa espion wetu ao wa bazungu?"

Nikamwambia waende kunawa mikono, bukari inapoa.

"Bugali," akasema yule mwingine, na mwenye miaka tisa akamtazama sana.